Kuondoa Tonsili na Kinga Iliyomo Kwenye Mate: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Daktari akishamwambia mzazi kwamba mtoto atolewe tonsili, kinachofuata nyumbani ni mabishano. Shangazi anasema tonsili hazina kazi, zitolewe tu. Jirani anasema ukizitoa, mtoto amebaki bila ulinzi wa koo na kila mafua yatakuwa yake. Wote wawili wamekosea, na mtoto ndiye anayebeba gharama ya makosa hayo: ama anakatwa bila sababu, ama anaachwa akikosa usingizi na shule kwa woga usio na msingi. Hapa tumekusanya maswali yanayojirudia zaidi kuhusu jambo moja mahususi, yaani kinga iliyomo kwenye mate. Tumeanza na ya msingi, tukamalizia na hali za pekee.

## Mambo ya msingi

1. Tonsili ni nini hasa?

Ni vipande viwili vya tishu ya limfu vilivyokaa pande mbili za koo, nyuma ya ulimi. Mtoto akipanua mdomo na kusema "aaa", unaviona. Haviko peke yake. Nyuma ya pua kuna adenoidi, ambazo wengi tunaziita nyama za pua. Kwenye shina la ulimi kuna tonsili nyingine. Na karibu na mirija inayounganisha koo na masikio kuna nyingine ndogo zaidi. Zote pamoja huzunguka njia ya chakula na hewa. Mpangilio huo huitwa duara la Waldeyer, kutokana na Heinrich Wilhelm Waldeyer, mwanaanatomia wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1884.

Uso wa tonsili una mashimo membamba yanayoingia ndani, kati ya 10 na 30 kwa kila moja. Vimelea vinavyopita na chakula au hewa hunasa humo, seli maalumu huviingiza ndani, na chembechembe za kinga ziitwazo seli B hujifunza kuvitambua. Mafindofindo ni pale tonsili zenyewe zinaposhambuliwa, zikavimba na kuuma.

2. Mate yana kinga gani?

Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na ndani yake kuna walinzi wa aina mbili. Aina ya kwanza ni kingamwili, hasa ile iitwayo IgA. IgA ya mate huwa imeungana mbilimbili na kuvishwa kipande cha protini kinachoikinga isimeng'enywe upesi. Kazi yake ni kuvishika vimelea visipate pa kung'ang'ania kwenye ukuta wa kinywa na koo, kisha tunavimeza na kwisha. Haichochei uvimbe, na ndiyo maana mwili huitumia kwa wingi mahali panapokutana na uchafu kila saa.

Aina ya pili ni protini zinazopambana na kimelea chochote bila kuchagua: lisozimu, laktoferini, histatini na nyinginezo, pamoja na ute wenyewe. Hizi hazisubiri mafunzo ya tonsili.

3. Je, tonsili ndizo zinazotengeneza mate, au IgA ya mate?

Hapana. Mate hutoka kwenye tezi za mate: zilizo mbele ya masikio (hizo ndizo zinazovimba mtoto akiugua matumbwitumbwi), zilizo chini ya taya, zilizo chini ya ulimi, na mamia ya tezi ndogo zilizotawanyika midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa. IgA ya mate hutengenezwa humohumo ndani ya tezi, na seli za plazma (seli zinazotoa kingamwili) zilizohamia huko, kisha hupitishwa kwenye ukuta wa mfereji na kuingia kwenye mate.

Tonsili zinaingia hapo kama chuo cha mafunzo. Baadhi ya seli B zilizofundwa kwenye tonsili husafiri kwa njia ya damu hadi kwenye tezi za mate na utando wa pua, zikageuka seli za plazma na kuanza kazi. Ukifunga chuo, walioajiriwa hawafukuzwi. Vyuo vingine pia vipo: adenoidi kama hazikutolewa, tonsili za ulimi, na tishu za limfu za utumbo. Ukilishika jibu hili, mengi yanayofuata yatakuwa mepesi.

## Baada ya upasuaji

4. Kwa hiyo IgA ya mate inapungua au haipungui?

Tafiti kadhaa zimeona ikishuka katika wiki na miezi ya mwanzo. Nyingine hazikuona badiliko. Kwenye damu, viwango vya kingamwili mara nyingi hushuka kidogo na kubaki ndani ya kipimo cha kawaida cha umri wa mtoto. Hakuna mahali ambapo kutoa tonsili kumeonekana kukausha IgA ya mate, na kwa maelezo ya swali la 3 unaona kwa nini hilo lisingetarajiwa.

5. Kwa nini tafiti zinapishana hivyo?

Hili ndilo swali tunalopenda watu waulize, kwa sababu vichwa vya habari vya kutisha na vya kutuliza hutoka hapa.

Kwanza, IgA ya mate ni ngumu kupima kwa haki. Mate yakitiririka kwa wingi, kwa mfano mtoto akitafuna kitu, IgA huchanganyika kwenye maji mengi na kila mililita huonyesha kidogo. Mate yakiwa machache, kama asubuhi baada ya kulala, kila mililita huonyesha nyingi. Uchovu, msongo na mazoezi mazito pia hubadilisha kipimo. Mtafiti makini huhesabu IgA inayotoka kwa dakika, si ile iliyomo kwenye mililita peke yake. Tena lazima aseme ni mate gani: yaliyovutwa moja kwa moja kwenye mfereji wa tezi, au yaliyotemwa kwenye chupa yakiwa yamechanganyika na majimaji ya ufizi, ambayo huleta kingamwili kutoka kwenye damu.

Pili, linganisha na nini? Mtoto anayepelekwa kupasuliwa kwa kawaida ameugua koo mara nyingi. Kinga yake ilikuwa imeamshwa muda wote, hivyo kipimo chake kabla ya upasuaji kinaweza kuwa juu kuliko cha mtoto mzima wa afya. Kikishuka baadaye, je, amepoteza kinga, au moto umezimika na mwili umerudi mahali pake? Namba ni ileile, maana zake ni mbili tofauti kabisa. Utafiti usio na kundi la watoto wenye afya wa kulinganisha nao hauwezi kuzitenganisha.

Tatu, watoto wanakua. IgA hupanda yenyewe kadiri umri unavyoongezeka, hivyo aliyepimwa akiwa na miaka 4 na tena akiwa na miaka 6 angepanda hata kama upasuaji ulimpunguzia kidogo.

Kwa maoni yetu, ukikutana na dai lolote kuhusu "kinga ya mate baada ya tonsili", anza kwa kuuliza: walipima lini, mate gani, na walilinganisha na nani?

6. Basi watoto waliotolewa tonsili huugua zaidi?

Mwaka 2015 watafiti wa Beirut walikusanya tafiti 35 kuhusu tonsili na mfumo wa kinga, zenye wagonjwa karibu 2,000 kwa jumla. Ni 4 tu zilizoona athari mbaya. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hakuna ushahidi wa madhara yenye uzito kwa afya ya mgonjwa.

Mwaka 2018 ukaja utafiti mkubwa wa kumbukumbu za Denmark, uliowafuatilia karibu watoto 1,200,000 waliozaliwa kati ya 1979 na 1999. Waliotolewa tonsili utotoni walikuwa na hatari ya magonjwa ya njia ya juu ya hewa mara mbili hadi tatu ya wenzao. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na bado hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba imetoka jana.

Isomwe kwa uangalifu. Kumbukumbu za hospitali zinaonyesha nani alipasuliwa na nani aliugua, lakini haziwezi kuondoa kabisa ukweli kwamba waliopasuliwa walikuwa wagonjwa tangu mwanzo. Mtoto mwenye pua na koo dhaifu ndiye hupelekwa kwa daktari, ndiye hupasuliwa, na ndiye huendelea kuwa na pua na koo dhaifu. Hata hivyo hatuutupi utafiti huo. Unakumbusha kwamba tonsili si nyama ya ziada, na kwamba upasuaji usio na sababu ya kutosha haustahili kufanywa.

7. Umri una maana gani?

Una maana kubwa. Mtoto huzaliwa akiwa karibu hana IgA kwenye mate, na maziwa ya mama ndiyo humpatia. Kisha yake mwenyewe hupanda miaka ya mwanzo ya utoto. Tonsili hufanya kazi kwa bidii zaidi kati ya miaka 3 na 10 hivi, na baada ya kubalehe husinyaa taratibu. Kwa hiyo mtu wa miaka 25 anapoteza kidogo sana kinga kwa kutolewa tonsili. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 daktari huwa na tahadhari zaidi, tena si kwa ajili ya kinga tu: matatizo ya kupumua baada ya upasuaji huwatokea zaidi hao wadogo, na kwa kawaida hulazwa usiku huo ili waangaliwe.

8. Baada ya upasuaji koo lina utando mweupe na mate yananuka. Kinga imeanguka?

Hapana, na huo utando si usaha. Ni gamba la kidonda kinachopona. Mpe mtoto maji na vinywaji mara kwa mara na dawa ya maumivu kwa saa zake, kwa sababu asipomeza koo hukauka na kuuma zaidi. Kinachotakiwa kukukimbiza hospitali ni damu mbichi, iwe siku ya kwanza au kati ya siku ya 5 na ya 10 gamba linapobanduka. Usisubiri asubuhi.

## Polio na chanjo

9. Nimesikia kutoa tonsili kunaleta polio. Ni kweli?

Hakuleti polio, ila hadithi hii ina asili ya kweli. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kabla ya chanjo, madaktari wa Marekani na Ulaya waliona kwamba watoto waliotoka kutolewa tonsili, wakiambukizwa polio, walipata zaidi ile aina mbaya inayoshambulia shina la ubongo na kuzuia kumeza na kupumua. Hospitali nyingi ziliacha upasuaji huo msimu wa mlipuko.

Mwaka 1971 Pearay Ogra wa Buffalo, New York, alichapisha kazi iliyotoa sehemu ya maelezo. Alipima kingamwili za polio kwenye majimaji ya nyuma ya pua na koo za watoto waliokwisha kuchanjwa, kabla na baada ya kutolewa tonsili na adenoidi. IgA dhidi ya polio ilishuka mara tatu hadi nne, na kwa baadhi haikuonekana kwa miezi kadhaa. Watoto wasio na tonsili walipopewa chanjo ya matone, mwitikio wa eneo hilo ulikuwa mdogo na wa kuchelewa.

Huu ndio ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba tonsili zinachangia kinga ya eneo lake, nasi hatuufichi. Lakini tazama alichopima: kinga ya virusi vya aina moja, kwenye majimaji ya nyuma ya pua na koo, si jumla ya IgA inayotoka kwenye tezi za mate.

10. Mtoto aliyetolewa tonsili apewe matone ya polio?

Apewe, na chanjo zake zote zikamilishwe. Sindano ya polio hujenga kingamwili kwenye damu zinazozuia virusi kufika kwenye mishipa ya fahamu, na matone hujenga kinga ya utumbo, ambako tonsili hazihusiki. Polio haijawa historia kwetu: Februari 2022 Malawi ilitangaza kisa cha virusi vya polio vya mwituni, yaani vile vya asili, na Tanzania ikaingia kwenye kampeni za matone. Ikiwa upasuaji si wa dharura na mtoto ana chanjo iliyopitiliza, mwombe daktari muipange kabla.

## Kufanya uamuzi

11. Ni lini kutoa tonsili kunastahili?

Kwa maambukizi, kipimo kinachotumika sana ni mafindofindo yaliyothibitishwa mara 7 kwa mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. "Huwa anaumwa koo" peke yake haitoshi. Andika tarehe, homa na dawa alizopewa. Daftari dogo la mzazi lina thamani kubwa chumbani kwa daktari.

Sababu nyingine, ambayo sasa inaongoza katika nchi nyingi, ni kukoroma na kukata pumzi usingizini. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2013, lililohusisha watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, usingizi ulirudi kuwa wa kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa na asilimia 46 ya waliosubiri. Kwa mtoto anayekosa pumzi kila usiku, kupungua kidogo kwa IgA ni bei ndogo. Tukumbuke pia hao asilimia 46: karibu nusu walipona bila kisu.

12. Inawezekana kukata sehemu tu?

Ndiyo. Daktari hupunguza tonsili na kuacha safu ya nje. Maumivu na damu huwa kidogo, na tishu inayobaki huendelea na kazi. Sweden hutumia njia hii sana kwa watoto wanaokoroma. Ubaya wake ni kwamba inaweza kukua tena, na haifai sana pale tatizo ni maambukizi ya kujirudia.

13. Nyumbani wanasema akatwe kilimi badala ya kupelekwa hospitali.

Tafadhali, hapana. Kilimi, au kimio, ni kile kinyama kinachoning'inia katikati nyuma ya kaakaa. Si tonsili, na kikohozi cha muda mrefu hakisababishwi nacho. Watoto wadogo wamekatwa kilimi kwa visu visivyo safi, wakavuja damu hadi kuishiwa, wakapata pepopunda au maambukizi ya damu. Wengine walikuwa na nimonia au kifua kikuu, na muda wa kuwatibu ukapotea. Kwa upande wa mate, kilimi kina tezi nyingi ndogo zinazolainisha koo, kwa hiyo anayekikata anaondoa kiwanda chenyewe, jambo ambalo hata upasuaji wa tonsili haufanyi.

14. Nipime IgA ya mate kabla na baada?

Hakuna haja. Sababu zimo kwenye swali la 5.

15. Kuna chakula au dawa ya kurudisha kinga ya mate?

Hakuna dawa ya kununua, na vichupa vinavyouzwa kwa ahadi hiyo vinakula pesa za mboga. Kinachosaidia ni cha kila siku: maji ya kutosha ili mate yatiririke, usingizi, chakula mchanganyiko, na kunyonyesha kama bado ananyonya. Asali na tangawizi hutuliza koo lakini haziongezi IgA, na asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

16. Meno yataoza zaidi?

Kinachoamua meno ni sukari, dawa ya meno yenye floridi, na wingi wa mate. Tezi hazijaguswa. Mtoto aliyekuwa akipumua kwa mdomo usiku kwa sababu ya tonsili kubwa alikuwa akikausha kinywa chake, hivyo anaweza kupata nafuu.

## Hali za pekee

17. Mtoto ana upungufu wa IgA tangu kuzaliwa.

Wengi wenye hali hii huishi bila dalili, kwa sababu kingamwili nyingine, IgM, hupitishwa kwenye mate kwa njia ileile na kushika sehemu ya kazi. Wengine huugua masikio, koo na mapafu mara kwa mara. Mwambie daktari mapema, hasa kabla ya kuongezewa damu, kwani wachache hupata mzio mkali.

18. Ana selimundu.

Watoto wa selimundu hupata tonsili kubwa na kukata pumzi usingizini mara nyingi kuliko wengine, na oksijeni ikishuka huchochea maumivu makali. Mara nyingi upasuaji huwa na faida kwao. Hofu kubwa kwao kuhusu kinga ni bandama isiyofanya kazi, siyo tonsili: penisilini ya kila siku na chanjo ya nimokoka visikatishwe. Wapasuliwe mahali penye damu ya akiba, maji ya mshipa, na timu inayojua selimundu.

19. Kuna watu wanaotolewa tonsili ili IgA ipungue?

Wapo. Katika ugonjwa wa figo unaosababishwa na IgA yenye kasoro kurundikana kwenye vichujio vya figo, madaktari wa Japani hutoa tonsili na kuongeza dawa za steroidi, wakilenga kupunguza chanzo cha IgA hiyo. Miongozo ya kimataifa haipendekezi hivyo kwa wagonjwa wa asili ya Ulaya. Mgonjwa wa figo wa hapa kwetu asiufuate utaratibu huo bila bingwa wa figo.

20. Alipata homa ya rumatiki. Tukitoa tonsili, tutaacha sindano?

Msiache. Homa ya rumatiki hufuata maambukizi ya bakteria aina ya streptokoka kooni, na ndiyo inayoharibu vali za moyo wa watoto wetu wengi Afrika Mashariki. Streptokoka huweza kushika koo hata pasipo tonsili, na IgA ya mate haitoshi kuizuia, iwe imepungua au la. Sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki 3 au 4 inaendelea kwa miaka ambayo daktari wa moyo amepanga. Akiumwa koo katikati ya ratiba, mpeleke kituoni siku hiyohiyo na useme wazi kwamba alishapata homa ya rumatiki.